Ukingoni mwa Sahani

Mashine ya njia ya nne ina jicho na kiganja.
Jicho, chini ya kioo, husoma mistari myeusi
ya kopo la maharage, ya sabuni, ya chakula cha paka,
kisha hulia tii.
Kiganja ni kioo kile kile.
Ukikiwekea ndizi hakilii:
kinanyamaza kidogo, kana kwamba kinakumbuka jina,
kisha kinasema ratili moja na ushei.

Mimi ni Dagny Torvik, keshia, mjini Duluth.
Mashairi siyajui. Vina sina;
mizani ninayo, hii moja,
na mkeka wa mpira nilioukanyaga miaka kumi na tisa.
Nje, ziwa limeganda hadi kwenye mnara wa taa.
Wateja huingia na theluji kwenye mabega,
ikidondokea kioo nisipoifuta
nayo hupimwa.
Tone la maji lina bei.
Mkono wa koti ukigusa, una bei.

Siku ya kwanza waliniambia:
kitu kikae katikati, kisining'inie,
maana pembeni pana fremu ya chuma isiyopima,
na kinachoiegemea, uzito wake hupotea.
Walikuwa wananionya.
Mimi nikasikia ninafundishwa.

Eino Saarela huja Alhamisi, saa nane mchana.
Huhesabu sarafu bila kuvua glavu.
Viazi. Kitunguu kimoja. Na zabibu nyeusi,
zabibu za Januari, bei yake huniona haya kuitaja,
kwa sababu Impi, mkewe, kule wanakotunzwa wazee,
amekataa vingine vyote,
naye humpasulia moja moja kwa kisu cha mfukoni.

Basi shada nalilaza ukingoni,
kikonyo na tembe chache juu ya chuma,
na ratili mbili huwa moja na nusu.
Hatujawahi kulisema.
Yeye hutazama namba, halafu hutazama ziwa.

Leo amekuja Lorne Pelkey, mkaguzi wa vipimo,
na sanduku lake la mawe ya shaba.
Huyashika kwa kitambaa,
kwani mafuta ya vidole, anasema, nayo ni uzito.
Kona hii. Kona ile. Katikati.
Akiondoa jiwe, sifuri inarudi sifuri.
"Haiibi," akasema, "wala haihurumii."
Akabandika stika ya mwaka.

Hajafunga sanduku, Eino huyo.
Mkono una mazoea yake:
ulikwishalaza shada ukingoni
kabla sijauambia neno.
Moja nukta nne sita.

Lorne aliona. Angekosaje kuona?
Hakuniangalia usoni.
Kwa kitambaa kile kile, taratibu,
kama mtu anayemrekebishia mtoto kola,
akalisukuma shada katikati.

Mbili nukta sifuri tatu.

Eino akaifungua glavu, akachungulia.
Akaifunga.
"Kitunguu," akasema. "Kitoe."

Nikakifuta kwenye hesabu. Kufuta nako kunalia tii.
Akalipa, akazibeba zabibu kwa mikono miwili,
na mlango ukajifungua wenyewe kumpisha.

Lorne alikaa muda mrefu kwenye maegesho
akikwangua barafu kwenye kioo cha gari
ambacho, nilivyoona mimi, kilikuwa kimeshatakata.

Jioni, kabla ya kuzima njia ya nne,
nilikiweka kitunguu katikati kabisa ya sahani,
nikarudisha mikono nyuma, nikalipa.
Wakia saba.
Kiko mfukoni mwa aproni. Basi limechelewa,
nimekaa kituoni naandika haya nyuma ya risiti,
na kitunguu kinanibonyea paja.
Wakia saba. Nimekipima mara mbili.
Inasema saba.